JINA LISEME KWELI, NA MASHINE IELEWE KAZI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Handeni na Korogwe

Natumaini mmekwisha kukaa, mwalimu wa kikundi yupo mbele na ubao wake, na kila mmoja ana kijitabu chake. Na ninyi mnaosoma somo hili kijitabuni bila kulisikia redioni, karibuni pia. Maneno ni yale yale.

Katika masomo yaliyopita mmejifunza herufi na silabi. Sasa mnasoma sentensi na kuandika barua. Leo tutazame kazi nyingine ya herufi hizo hizo, yaani jinsi watu wanavyoiandikia kompyuta maagizo.

Huenda mmoja wenu anajiuliza: "Mimi ni mkulima wa mahindi hapa Kabuku. Kompyuta yanihusu nini?" Swali hilo ni la haki. Tazama simu uliyo nayo mfukoni. Tazama mita ya umeme ya LUKU. Tazama mizani mpya za sokoni, zile zinazoonyesha uzito kwa namba za kuwaka. Ndani ya kila kimojawapo mna kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo hufuata maagizo yaliyoandikwa na mtu. Maagizo hayo huitwa programu. Ndiyo yanayopiga hesabu ya fedha yako. Mtu akiyaandika vibaya, mashine haioni aibu wala haisiti. Itatoa jibu la uongo upesi, na kwa namba safi.

Kwa hiyo yafaa mtu mzima anayejua kusoma afahamu mambo mawili. La kwanza, jinsi ya kuvipa vitu majina katika maagizo. La pili, tofauti kati ya agizo linalonakiliwa tu na agizo linalopokea kitu, likakifanyia kazi, na kurudisha jibu.

1. JINA MOJA, VITU VIWILI

Tuanze na majina tunayoyajua.

Wilaya ya Korogwe ina halmashauri mbili. Iko Halmashauri ya Mji wa Korogwe, na iko Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe. Handeni nako ni vivyo hivyo: mji una halmashauri yake, na wilaya ina yake. Sasa mtu akiandika juu ya bahasha "Halmashauri ya Korogwe" na kuishia hapo, barua hiyo iende wapi? Mpelekaji atakisia. Akikisia vibaya, barua ya shamba lako italala katika ofisi ambayo haikuhusu. Neno moja tu, "Mji" au "Wilaya", lingaliokoa safari.

Mfano wa pili. Wazee wa Korogwe waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge, au ambao baba zao walifanya, wanalijua neno "kipande". Katika mashamba ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30. Kila siku uliyomaliza kazi yako ilitiwa alama, na zikitimia 30 ulilipwa. Lakini Kenya, wakati wa ukoloni, kipande kilikuwa cheti cha kumtambulisha mwanamume Mwafrika, naye alilazimishwa kutembea nacho, na wengi walikivaa shingoni. Jina ni moja, vitu ni viwili. Mtu wa Korogwe na mtu wa Nairobi wangeweza kuzungumza juu ya kipande kwa muda mrefu bila kuelewana.

Mfano wa tatu ni gunia. Mkulima wa Mkata anasema, "Nimeuza magunia kumi." Je, ameuza kilo ngapi? Hatujui. Kanuni za vipimo katika Tanzania zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini ninyi mnaijua lumbesa. Gunia linajazwa, kisha linashonewa kilemba juu ya mdomo, nalo bado linaitwa gunia moja. Jina "gunia" halisemi uzito. Mnunuzi mjanja hupenda sana jina lisilosema uzito.

Basi, kutokana na mifano hii mitatu twapata kanuni ya kwanza: jina lisiposema kitu chote kinachohitajika, pengo lake hujazwa na kukisia, na anayekisia mara nyingi si mwenye mali.

Hata mataifa yenye wataalamu wengi yamepata hasara kwa jambo hili. Mwaka 1999 Marekani ilikuwa na chombo kilichosafiri kuelekea sayari ya Mirihi, kikiitwa Mars Climate Orbiter. Kundi moja la wahandisi lilitoa namba za msukumo wa injini kwa vipimo vya Kiingereza, yaani ratili. Kundi la pili likazisoma namba hizo kana kwamba ni za vipimo vya metriki. Namba zenyewe hazikusema ni za kipimo gani. Chombo kilikaribia sayari kupita kiasi, na mnamo Septemba 23 mwaka huo kikapotea.

2. MAJINA KATIKA LUGHA YA C

Sasa tuingie katika kompyuta. Kama watu walivyo na lugha nyingi, ndivyo programu zinavyoandikwa kwa lugha nyingi. Mojawapo inaitwa C. Ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, huko Marekani, na mwaka 1972 ilikuwa imekwisha kupata jina hilo. Ni ya miaka mingi, lakini haijastaafu. Simu nyingi za mguso zinatumia mfumo wa Android, na kiini cha Android ni Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Linux imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya C. Kwa hiyo lugha hii iko mifukoni mwa watu Handeni na Korogwe, ingawa hawaioni.

Katika C, kila kitu unachotaka kukihesabu hukipa jina. Sheria za lugha yenyewe ni chache:

Jina huandikwa kwa herufi, tarakimu, na kistari cha chini.
Jina halianzi kwa tarakimu.
Jina halina nafasi katikati. Badala ya nafasi, watu wengi hutia kistari cha chini: uzito_kilo.
Herufi kubwa na herufi ndogo ni vitu mbalimbali. Kwa C, Gunia na gunia ni majina mawili.
Maneno machache ya lugha yenyewe, kama int na return, hayaruhusiwi kuwa majina ya vitu vyako.

Hizo ndizo sheria. Ukizivunja, mashine hukataa. Lakini baada ya sheria kuna makubaliano. Makubaliano hayalazimishwi na mashine. Ni watu wenyewe wanaopatana ili wasomane vizuri. Ninyi mmekwisha kuona jambo la namna hii katika Kiswahili. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikafanya kazi ya kusanifisha Kiswahili, ili kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam kisomeke Mombasa na Kampala bila matatizo ya tahajia. Mzigua, Msambaa na Mbondei wana lugha zao nyumbani, lakini wakiandika Kiswahili wanaandika kwa tahajia moja. Hayo ni makubaliano, na faida yake mnaiona.

Makubaliano ya waandishi wa C yaliyo muhimu kwetu leo ni haya matatu.

La kwanza: jina litaje kitu na kipimo chake. Usiandike u, wala uzito peke yake. Andika uzito_kilo. Usiandike bei. Andika bei_shilingi. Anayesoma asikisie.

La pili: jina litaje mwenyewe, palipo na wenyewe wengi. Katika C, fanksheni mbili zinazotumiwa na programu nzima hazikubaliwi kuwa na jina moja. Kwa hiyo watu hutanguliza jina la nyumba: korogwe_mji_malipo na korogwe_wilaya_malipo. Ni kama ile bahasha yetu.

La tatu: umbo la jina litangaze aina ya kitu. Tazameni vibao vya namba barabarani pale Segera. Gari la mtu binafsi lina T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Pikipiki ya bodaboda huanza kwa MC. Gari la serikali lenye STK hulitambui kwa kumwuliza dereva. Unalitambua kwa kibao. Katika C, jina lililoandikwa lote kwa herufi kubwa ni kibao kinachosema: "Angalia, hii ni makro." Jina la herufi ndogo husema: "Hiki ni kitu cha kawaida, au fanksheni."

Sasa mtaniuliza, makro ni nini, na kwa nini tutiwe tahadhari juu yake? Mwalimu wa kikundi, tafadhali futa ubao.

3. KARANI ANAYENAKILI BILA KUELEWA

Programu ya C ikiisha kuandikwa hupita mikononi mwa wafanyakazi wawili. Nawaita wafanyakazi, lakini wote wawili ni programu. Wa kwanza ni karani wa kunakili. Wa pili ni mfasiri, anayeitwa kompaila, naye hugeuza maneno ya C kuwa maagizo ya mashine.

Karani wa kunakili hajui hesabu. Kazi yake ni moja: akiambiwa "kila uonapo neno hili, liondoe na utie maneno haya", anafanya hivyo bila kuuliza. Agizo analopewa ndilo makro. Huanza kwa alama ya reli, ile mnayoibonyeza mwisho wa namba za huduma za fedha za simu.

Tuseme chama cha wakulima kinanunua mahindi, na bei ya mfano ni shilingi 60,000 kwa gunia. Mwandishi wa programu ameandika hivi. Mwalimu, andika ubaoni:

#define MALIPO(magunia) magunia * 60000

Maana yake: "Karani, kila uonapo MALIPO na kitu ndani ya mabano, andika kitu hicho, kisha alama ya kuzidisha, kisha 60000." Nyota ndiyo alama ya kuzidisha.

Akileta mkulima magunia 5, karani ataandika 5 * 60000. Jibu ni 300,000. Vizuri.

Sasa mkulima analeta magunia 2 asubuhi, na punda wake analeta magunia 3 jioni. Mwandishi anaandika:

MALIPO(2 + 3)

Kila mmoja wetu anaona ni magunia 5. Lakini karani haoni magunia 5. Anaona herufi. Ananakili kama alivyoambiwa:

2 + 3 * 60000

Mfasiri anapokea mstari huo. Yeye anajua hesabu, na kanuni ya hesabu ni kwamba kuzidisha hutangulia kujumlisha. 3 mara 60,000 ni 180,000. Ongeza 2. Jibu ni shilingi 180,002.

Fanyeni hesabu hiyo wenyewe katika daftari. Haki ya mkulima ni 300,000. Amepewa 180,002. Amepotewa na shilingi 119,998. Hakuna mwizi. Hakuna mashine iliyoharibika. Karani alitii na mfasiri alitii. Kosa limo katika agizo lililonakiliwa kabla kitu hakijahesabiwa.

(Hapa mwalimu asimamishe redio au usomaji, na kila mwanafunzi aifanye hesabu kwa mkono.)

4. MABANO YANASAIDIA, LAKINI HAYATOSHI

Waandishi wenye uzoefu wanalijua kosa hilo. Dawa yao ya kwanza ni mabano:

#define MALIPO(magunia) ((magunia) * 60000)

Sasa karani ataandika ((2 + 3) * 60000). Mabano hutangulia, jibu ni 300,000, mkulima amepata haki yake. Je, tumemaliza? Bado.

Tuseme programu inasoma mizani yenyewe. Chama kimekata shauri kwamba gunia lihesabiwe kwa uzito wake, lakini lisivuke kilo 100. Kwa hiyo mwandishi anataka namba iliyo ndogo kati ya mbili: ile iliyosomwa na mizani, na 100. Anaandika makro, na mabano ametia yote:

#define NDOGO(a, b) ((a) < (b) ? (a) : (b))

Msiogope alama hizo. Zinasema: "Je, a ni ndogo kuliko b? Kama ndiyo, toa a. Kama siyo, toa b." Kisha anaitumia hivi:

NDOGO(soma_mizani(), 100)

Hesabuni herufi a inatokea mara ngapi katika agizo baada ya lile jina. Inatokea mara mbili. Kwa hiyo karani atanakili soma_mizani() mara mbili:

((soma_mizani()) < (100) ? (soma_mizani()) : (100))

Mashine itapima mara mbili! Mara ya kwanza mizani inasoma kilo 98. Ni ndogo kuliko 100, basi mashine inaamua kutoa uzito wa mizani. Lakini ili kuutoa, inapima tena. Wakati huo kijana mmoja ameegemea gunia kwa mkono. Mizani inasoma 103. Jibu linalotoka ni 103. Tuliagiza namba ndogo kati ya uzito na 100, tukapewa 103. Mabano hayakuzuia jambo hili, wala hayawezi kulizuia, kwa sababu karani hajui kwamba kusoma mizani ni tendo. Kwake ni maneno ya kunakiliwa.

Ni kama kumtuma mtoto dukani kwa maneno haya: "Mwulize muuza duka bei ya sukari. Kama haizidi fedha hii, ulete bei aliyosema." Mtoto mwenye akili atauliza mara moja na kukumbuka. Makro huuliza, kisha husahau, kisha huuliza tena. Na bei imekwisha kupanda.

5. FANKSHENI YA PAPO HAPO

Dawa yenyewe ni fanksheni. Fanksheni ni kazi yenye jina. Ina mlango wa kupokea, ina kazi ya kufanya ndani, na ina mlango wa kutoa jibu. Kabla ya kitu kuingia mlangoni, huhesabiwa kwanza, na huhesabiwa mara moja tu. Ukiipa 2 + 3, inapokea 5. Ukiipa soma_mizani(), mizani inapimwa mara moja, na uzito uliopatikana ndio unaoingia.

Huandikwa hivi:

static inline long ndogo(long a, long b)
{
    return a < b ? a : b;
}

Tusome neno kwa neno. Neno long linasema: "Hapa hupita namba nzima, hata kubwa." Neno return linasema: "Rudisha jibu." Neno static linasema kwamba fanksheni hii ni ya faili hili tu, haitagombana na fanksheni ya jina hilo katika faili jingine. Na neno inline ni ombi: "Mfasiri, ukiweza, kazi hii uiweke papo hapo inapohitajika." Ndiyo maana naiita fanksheni ya papo hapo.

Kwa nini ombi hilo? Hapa ndipo tunapoona sababu ya watu wa zamani kupenda makro. Kuita fanksheni kuna gharama yake. Mashine huacha mahali ilipo, hukumbuka pa kurudia, huenda kwenye fanksheni, hufanya kazi, kisha hurudi. Ni kama kutoka Mombo kwenda Korogwe mjini kila mara unapotaka kiberiti. Kwa kompyuta za zamani, zilizokuwa za polepole, safari nyingi za namna hiyo zilichosha. Makro haina safari, kwa maana maneno yamenakiliwa pale pale. Basi watu wakavumilia hatari zake.

Mwaka 1999 kanuni rasmi za lugha ya C ziliongeza neno inline. Tangu hapo mwandishi anapata usalama wa fanksheni, na mfasiri anaruhusiwa kuiondoa safari. Nasema anaruhusiwa, halazimishwi. Wafasiri wa siku hizi ni hodari, na mara nyingi wanaondoa safari hata bila kuombwa. Kwa hiyo ile sababu ya zamani imepungua nguvu.

Wale wanaotunza Linux wameandika kanuni za kazi yao. Humo wanashauri kwamba, kwa kawaida, fanksheni za papo hapo zichaguliwe badala ya makro zinazojifanya fanksheni, na kwamba jina la makro ya namba isiyobadilika liandikwe kwa herufi kubwa. Ni makubaliano yale yale tuliyoyasema.

6. JINSI YA KUBADILI BILA KUHARIBU

Sasa tuibadili ile makro ya malipo. Fuateni hatua hizi nne.

Kwanza, tenganisha namba na kazi. Bei ni namba tu, haifanyi kazi. Inaweza kubaki makro, kwa herufi kubwa. Siku bei ikibadilika, utabadili mahali pamoja:

#define BEI_YA_GUNIA 60000

Pili, uliza: kitu kinachoingia ni cha aina gani? Hapa uwe mwangalifu sana. Mkulima akileta magunia mawili na nusu, makro yenye mabano itanakili 2.5 na kupata 150,000, na hiyo ni sawa. Lakini fanksheni iliyotangazwa kupokea long, yaani namba nzima, itaitupa ile nusu. Itapokea 2 na kulipa 120,000. Shilingi 30,000 zimepotea, na safari hii zimepotea kwa sababu ya dawa yenyewe! Kwa hiyo usibadili makro kwa mazoea. Kama nusu inaweza kuja, tangaza namba yenye sehemu, ambayo C inaiita double, au uhesabu kwa kilo nzima badala ya magunia. Kwetu, penye lumbesa, kilo ni bora.

Tatu, badili jina. Fanksheni isivae tena herufi kubwa za makro, maana kibao kitakuwa kinasema uongo. Tena jina litaje kipimo. Na kwa kuwa tumechagua kilo, bei nayo tuitaje kwa kilo. Shilingi 60,000 kwa gunia la kilo 100 ni shilingi 600 kwa kilo moja:

#define BEI_YA_KILO_SHILINGI 600

static inline long malipo_shilingi(long uzito_kilo)
{
    return uzito_kilo * BEI_YA_KILO_SHILINGI;
}

Isomeni mara mbili. Hata asiyeijua C anaona kinachoingia ni uzito kwa kilo, na kinachotoka ni malipo kwa shilingi. Hakuna cha kukisia.

Nne, jaribu. Tafuta kila mahali makro ya zamani ilipotumika. Ijaribu fanksheni mpya kwa kitu ambacho jibu lake unalijua kwa mkono. Kilo 200 za asubuhi na 300 za jioni: malipo_shilingi(200 + 300) sharti iwe 300,000. Kilo 250 sharti iwe 150,000. Sifuri sharti iwe sifuri. Jibu likitofautiana na daftari lako, usiiamini mashine kwa kuwa ni mashine.

Je, makro zote zifutwe? Hapana. Zina kazi zake: kutaja namba isiyobadilika, au kumwambia karani ni sehemu gani ya programu iingizwe kwa mashine ya aina hii na ipi iachwe kwa mashine ya aina ile. Hizo ni kazi za kunakili, na karani wa kunakili ni haki yake kuzifanya. Kazi ya kuhesabu apewe anayejua kuhesabu.

Ndugu wasikilizaji, huenda wengi wenu hamtaandika programu. Lakini watoto wenu na wajukuu wenu wataandika. Na ninyi wenyewe mtasimama mbele ya mizani na kupewa karatasi yenye namba. Mkiona neno "uzito", ulizeni, uzito kwa kipimo gani? Mkiona "gunia 1", ulizeni, la kilo ngapi? Mkiona jumla, ipigeni tena kwa mkono. Anayejua kusoma na kuhesabu ana haki ya kuuliza hivyo, na mwuzaji au karani mwaminifu hatachukia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja jina moja la kipimo linalotumika katika soko lenu ambalo halisemi kiasi halisi. Mngelibadili vipi?

2. Makro hii ina mabano pungufu: #define MARADUFU(x) x + x. Karani atanakili nini kwa 3 * MARADUFU(5)? Jibu litakuwa ngapi, na lilipaswa kuwa ngapi? (Mwalimu: karani ataandika 3 * 5 + 5, jibu ni 20. Lilipaswa kuwa 30.)

3. Kwa nini mabano hayakuzuia mizani kupimwa mara mbili?

4. Andika majina matatu mazuri ya vitu hivi: uzito wa robota la mkonge, bei ya lita moja ya maziwa, idadi ya wanafunzi wa darasa lenu. Kila jina litaje kipimo chake, na lisiwe na nafasi katikati.